Shajara ya mradi: Antoinette kwenye jamvi la karafuu

9 Agosti

Sura ya pili ya tasnifu yangu imerudi kutoka Unguja. Msimamizi wangu kaandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, maneno matatu tu: "Anaumwa nini hasa?" Kurasa 31, miezi minne ya kukesha, na mtu ananiuliza kama daktari wa zamu aliyechoka. Nikubali lakini kwamba sura yenyewe niliipa jina "Ugonjwa wa Antoinette". Swali nimelichokoza mwenyewe.

Kwa atakayelifungua daftari hili baadaye, pengine mie mwenyewe nikiwa nimesahau: riwaya ni Wide Sargasso Sea ya Jean Rhys, iliyotoka mwaka 1966. Rhys alizaliwa Roseau, kisiwani Dominica, mwaka 1890, akapelekwa Uingereza ana miaka 16. Kitabu chake kinajibu kitabu kingine, Jane Eyre cha Charlotte Brontë cha mwaka 1847, ambamo yumo mke mwendawazimu aliyefungiwa ghorofa ya tatu, Bertha Mason kutoka Jamaika. Kwa Brontë hatumsikii akisema neno. Anatambaa, ananguruma, anang'ata watu, mwisho anaichoma nyumba na kujitupa kutoka juu ya paa. Rhys alimrudia mwanamke huyo akampa utoto, mama, mdogo wake mgonjwa, na jina jingine: Antoinette Cosway. Tasnifu yangu inauliza nini kilitokea ndani ya nafsi yake tangu utotoni mpaka ghorofani.

Kwa sasa nina orodha ya dalili na msimamizi aliyenuna.

Jingine. Msimu umeanza. Nyumbani kwa mama hapa Wete, kila usiku baada ya Isha jamvi linatandikwa ukumbini, karafuu mbichi zinamwagwa, na wanawake wanakaa kuchambua: karafuu huku, makonyo kule. Mie ni mvivu wa kuchambua, hilo linajulikana mtaa mzima. Wifi yangu ndiye aliyetoa shauri: "Tusimulie hicho kitabu chako, na sisi tutakuchambulia fungu lako." Nimekubali kabla hajamaliza sentensi.

12 Agosti

Wifi ni muuguzi. Alifanya kazi miaka mingi katika wodi ya wagonjwa wa akili kabla ya kuhamishiwa Pemba. Nimempelekea Antoinette kama mtu anavyompeleka mgonjwa: nikamsomea orodha yangu. Ndoto mbaya zinazojirudia. Kulewa. Kumng'ata mume mkononi. Kupotewa na siku. Mama naye alirukwa na akili.

"Nani kamleta?" akaniuliza.

"Kamleta nani?"

"Huyo mgonjwa wako. Kadi inaanza na jina, umri, kwao wapi, halafu nani kamleta na nani anatoa maelezo. Haya yote uliyonisomea katoa nani?"

Nikafungua kitabu. Mumewe, kwa sehemu kubwa.

"Na hizo habari za ukoo kuwa na wazimu?"

"Barua. Ya mtu anayedai ni ndugu yake kwa baba. Anataka pesa ili anyamaze."

Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. "Wifi yangu, faili hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza halipokei."

Nimerudi nyumbani nikachukua penseli na kupitia riwaya upya nikitazama jambo moja tu: nani anasema. Sehemu ya kwanza anasimulia Antoinette mwenyewe, utoto wake Jamaika. Sehemu ya pili, ndefu kuliko zote, anasimulia mume, Mwingereza ambaye kitabu hakimtaji jina hata mara moja. Antoinette anapata nafasi ndogo tu katikati. Sehemu ya tatu, fupi, inaanza na mlinzi wake Grace Poole, kisha anarudi yeye, tayari yuko ghorofani. Sasa, dalili zangu zote nzito nimezichota sehemu ya pili. Miezi minne nimekuwa naandika kwa imla ya mume wa mtu, na sikujua.

15 Agosti

Usiku wa kwanza wa kusimulia. Wanawake saba, watoto wasiohesabika, umeme umekatika mara mbili.

Nilianza pale Rhys anapoanza, kwenye fidia. Sheria ya Waingereza ya kukomesha utumwa katika makoloni yao ilipitishwa mwaka 1833 na kuanza kazi tarehe 1 Agosti 1834. Serikali ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakupewa hata senti. Katika riwaya, mama yake Antoinette, Annette, mjane mwenye shamba lililoota magugu liitwalo Coulibri, anasubiri fidia kama wengine. Jirani yake kachoka kusubiri: anampiga risasi mbwa wake, anaingia baharini, anaogelea moja kwa moja, harudi.

"Kwa pesa?" akauliza mama.

"Kwa kungoja," akasema shangazi.

Shangazi ana haki ya kusema hilo. Yeye ni wa ukoo wa shambani, wa waliokuwa watumwa, na huwa halizungumzi mpaka lizungumzwe na mwengine. Hapa kwetu amri ya kukomesha utumwa ilitolewa tarehe 6 Aprili 1897, na hapa pia aliyefidiwa ni mwenye mtumwa. Masuria wakaachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Karafuu zilizokuwa mbele yetu pale jamvini nazo zina hesabu yao. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kikawa ghala. Kutoka mwaka huo mpaka amri ilipotoka ni miaka 25, na mikono iliyochuma kwa sehemu kubwa ilikuwa ya watumwa. Sikuwaambia hayo kama somo. Shangazi alichukua konzi ya karafuu akaitazama, akaendelea kuchambua.

Nikawaeleza pia kuhusu Christophine, yaya wa Antoinette aliyetoka Martinique: Annette alizawadiwa yeye siku ya harusi. Mtu, zawadi ya harusi, pamoja na vyombo. Hapo hakuna aliyeuliza kitu.

22 Agosti

Usiku wa Tia. Nauandika kirefu kwa sababu mpaka sasa ndio usiku uliozaa.

Tia ni mtoto mweusi, rafiki pekee wa Antoinette. Wanaogelea pamoja kwenye kidimbwi. Siku moja Tia anaweka dau: senti tatu kama Antoinette ataweza kupinduka chini ya maji. Antoinette anapinduka, anaibuka anakohoa, Tia anasema haikuwa sawasawa na kuzichukua senti. Antoinette anamtukana kwa rangi yake. Tia anamjibu kwamba wao siku hizi si lolote, Wazungu wa zamani waliofilisika, weusi wanawapita. Kisha Antoinette akitoka majini anakuta Tia kaondoka na nguo yake na kumwachia ya kwake. Anarudi nyumbani kavaa nguo ya Tia, wageni wamejaa ukumbini, wanamcheka, na mama yake anaamuru nguo ichomwe moto.

Jamvi zima lilikuwa upande wa Antoinette, nguo jamani, si haki. Nikaruka mbele mpaka usiku wa moto. Waliokuwa watumwa wanaizunguka Coulibri, nyumba inawaka. Mdogo wake Pierre hatapona. Kasuku wa mama, aliyekatwa mbawa na baba wa kambo, anaanguka akiungua. Antoinette anamwona Tia katika kundi, anamkimbilia, akilini mwake ana jambo moja: ataishi na Tia, awe kama Tia, asiondoke pale. Tia ana jiwe mkononi. Antoinette haoni likirushwa, anahisi tu maji maji usoni. Wanatazamana, mmoja damu usoni, mwengine machozi, na Antoinette anasema ilikuwa kama kujiona kwenye kioo.

Wanawake walinyamaza. Binti wa jirani alikuwa analia waziwazi.

"Haya, mwalimu," akasema shangazi bila kuinua kichwa. "Na Tia je?"

"Tia vipi, shangazi?"

"Mnamlilia mwenye shamba. Kapasuliwa uso, pole yake. Lakini mtoto yule mwengine kalia kwa nini? Kitabu chako kinasema?"

Hakisemi. Tia hapewi hata ukurasa mmoja wa kusema moyo wake. Nikamwambia hivyo, na shangazi akaitikia "hee" ile yake ndefu, ambayo anayeijua anajua kesi imefungwa.

Kuna mhakiki, Gayatri Spivak, aliyeandika mwaka 1985 kwamba riwaya hii, pamoja na kumpa sauti mke wa ghorofani, inamtumia Christophine kisha inamwondoa jukwaani hadithi ikiwa bado inaendelea. Nilikuwa nimemweka kwenye tanbihi, kwa adabu tu. Shangazi hajamsoma Spivak, na ameufikia ukuta ule ule kwa kupitia Tia, usiku mmoja, mikono ikiwa kazini. Tanbihi hiyo inapanda juu, inaingia katika matini.

Cha kisaikolojia nilichokipata: kioo. Katika nadharia nilizosoma, mtoto hujijua kwa kujiona katika uso wa mwengine, na uso wa kwanza ni wa mama. Annette alikuwa akimsukuma mwanawe pembeni kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kuamua kwamba hana haja naye. Uso uliobaki ni wa Tia, na huo ndio uliokuja na jiwe. Huko mwisho, ghorofani, Antoinette anasema hakuna kioo chumbani na hajui tena anafanana vipi. Kutoka kidimbwini mpaka ghorofani ni mstari mmoja, na mie niliandika kurasa 31 bila kuuona.

29 Agosti

Leo kazi ya maneno. Nahitaji kwa Kiswahili neno la hali ya Antoinette, na kila ninalolishika lina mkia.

Wazimu: lina undugu na mzimu. Mtu "ana wazimu" maana yake ya zamani ni kwamba wapo wengine ndani yake, sababu imetoka nje. Majununi: hayo ni ya Kiarabu, jini yumo ndani ya neno lenyewe. Kichaa: mbwa naye huwa nacho, na akikung'ata umekipata. Punguani: kapungukiwa, kazaliwa na upungufu, hilo ndilo neno ambalo mume angelichagua kama angejua Kiswahili, maana hoja yake yote ni damu ya ukoo. Mgonjwa wa akili: safi, la hospitali, wifi analitaka. Kiwewe: wataalamu siku hizi wanalitumia kwa mtu aliyepitia moto na vita, na lingefaa, ila kwa mama yangu kiwewe ni cha mtu aliyepotelewa na tiketi ya boti.

Nikawauliza wa jamvini. Binti wa jirani, yule aliyelia, akasema bila kufikiri: "Kavurugwa."

Lugha ya vijana, ndiyo, ya mitaani. Lakini itazameni. Ni kauli ya kutendwa. Mtu hawezi kuvurugwa bila mvurugaji. Wazimu unakuwa nao, punguani unakuwa, kuvurugwa unafanyiwa. Nimeliandika kwenye karatasi na kulibandika juu ya meza. Msimamizi atalikataa katika kichwa cha sura, namjua, lakini katika hoja halikwepeki.

5 Septemba

Maulidi. Hakukusimuliwa, hakukuchambuliwa. Nimekula wali wa watu watatu.

11 Septemba

Tumefika kwenye ndoa. Nilitaka kuwapeleka kwenye ndoto za Antoinette, maana ndoto ndiyo chakula cha wenye kuchanganua nafsi, na zipo tatu zinazofuatana msituni, ngazini, motoni. Hawakwenda. Walikwama kwenye pesa.

Kaka wa kambo wa Antoinette, Richard Mason, amemkabidhi yule Mwingereza pauni 30,000 bila swali wala sharti. Hakuna kilichowekwa kwa jina la mke.

"Mahari?" akauliza mama. "Ndiyo mahari anampa yeye?"

"Hapana mama. Pesa zinatoka kwa mke zinakwenda kwa mume."

"Ebo! Sasa yeye mke anabaki na nini?"

Nikawaeleza sheria ya Kiingereza ya wakati ule: mwanamke akiolewa mali yake inakuwa ya mume, iliendelea hivyo mpaka sheria za mwaka 1870 na 1882 zilipoanza kuirekebisha. Wanawake hawa wanayajua matatizo ya ndoa kuliko mie ninayesoma vitabu. Lakini hili liliwashinda. Mahari ni ya mke, shamba alilorithi kwa baba yake ni lake, mume akiligusa wanakwenda kwa kadhi. Inavyokuwa kweli ni habari nyingine, akasema wifi, na wote wakacheka kicheko cha wanaojuana. Hata hivyo, kutokuwa na lake hata kwa maandishi, hilo hapana.

Basi Christophine anapomshauri Antoinette akusanye nguo zake aondoke, na Antoinette anajibu kwamba hana pesa, zote ni za mume, jamvi lilimwelewa papo hapo. Mie katika tasnifu nilikuwa nimeandika kwamba anashindwa kuondoka kwa sababu ya "utegemezi wa kihisia". Nimeona haya.

Halafu mama akauliza swali la mama: "Akiachika anarudi kwao wapi?"

Coulibri imeungua. Mama yake kafa, baada ya kuwekwa nyumba ya mbali na watu wa kumlinda waliomtumia watakavyo. Shangazi yake Cora, aliyempinga kaka kuhusu ile ndoa isiyo na kinga, amegeukia ukutani akakata tamaa. Weusi wanamwita mende mweupe. Waingereza wanamwona si Mwingereza kamili. Uingereza yenyewe haijui, anaiwazia kama kitu cha ndotoni.

"Hana kwao," akasema mama, na akaweka chini kikonyo alichokuwa nacho mkononi.

Nikasema, si kuna methali, mkataa kwao mtumwa.

"Huyo ni mkataa," akajibu shangazi. "Aliyekataliwa na kwao mnamwitaje?"

Sijapata jibu mpaka sasa hivi ninapoandika, saa saba ya usiku.

14 Septemba

Simu yangu, yenye rekodi za usiku wote wa jamvini, imeanguka ndani ya ndoo ya maji ya kufulia. Mpwa wangu wa miaka minne anasema iliruka yenyewe. Mchele wa siku mbili haukusaidia. Kwa hiyo yaliyobaki ni haya ya daftarini tu. Nilikuwa nimeahidi kiambatisho cha mazungumzo, nakifuta.

19 Septemba

Usiku wa majina.

Nilianza na dawa. Antoinette anamwona mume anampoa, anapanda farasi kwenda kwa Christophine, anatoa pesa, anataka dawa ya kumrudisha mume. Sikuhitaji kueleza neno obeah, uganga wa visiwa vya Karibi. Nikasema "limbwata" na nyuso zikachanua. Sisi Wapemba tumesingiziwa uganga na dunia nzima mpaka tumechoka kukanusha, basi mbele ya mgeni huwa tunanyamaza. Hapa hapakuwa na mgeni. Christophine anasitasita, anasema kwanza zungumza na mumeo. Dawa anaitoa mwishowe, na inaharibika: mume anaamka anatapika, anaamini kawekewa sumu, na usiku unaofuata analala na mtumishi Amélie huku mke yuko nyuma ya ukuta mwembamba, anasikia.

Lakini kabla ya hapo mume amekwisha kuanza uganga wake. Tangu apokee ile barua anamwita mkewe Bertha. Anasema jina hilo analipenda. Baadaye, kichwani mwake, anachezea jina lake la kweli mpaka linakuwa jina la mwanasesere. Na Antoinette anamwambia waziwazi: Bertha si jina langu, unataka kunifanya mtu mwengine, na huko nako ni uchawi.

Nilipofasiri sentensi hiyo wifi aliacha kuchambua.

"Subiri. Kwenye kupunga inakuwaje?" aliwauliza wakubwa, ingawa anajua.

Mama ndiye aliyejibu. Mtu akipandwa, fundi humwuliza aliyempanda: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini. Kazi yote ni kulitoa jina lililomo. Likishatajwa, hapo mnaweza kuzungumza naye, apewe anachotaka, mtu wenu apate nafuu.

"Huyu mume basi," akasema wifi, "anapunga kinyumenyume. Hamwulizi jina. Anamtia."

Sikuandika kitu kwa dakika kadhaa. Nilitazama tu namna mikono yao ilivyorudi kazini, kidole gumba kinasukuma, karafuu inaanguka na sauti ndogo kama mvua ya mbali juu ya makuti. Hiyo ndiyo sura yangu ya tatu, na imesemwa na muuguzi aliyesomea cheti, anayekataa wagonjwa wake kupelekwa kupungwa kabla ya kumeza dawa. Wifi mwenyewe kacheka: "Usiniandike, nitafukuzwa kazi."

Nimemwandika, bila jina.

Kuna kitu kidogo pale pale ambacho wahakiki wengi hukigusa na kupita. Mume, kabla ya safari ya kurudi Uingereza, amekaa anakunywa na kuchora. Anachora nyumba imezungukwa na miti, ghorofa tatu, na chumba cha juu anachora mwanamke kwa mistari ya kitoto. Ana mgonjwa karatasini kabla daktari hajaitwa. Ningekuwa na uwezo ningeiweka picha hiyo mwanzo wa sura, pale ambapo faili linataka jina la anayetoa maelezo.

23 Septemba

Siku ya nadharia, nilijifungia.

Freud na maandishi yake ya mwaka 1917 kuhusu huzuni na sonona yananifaa kwa Annette zaidi kuliko kwa bintiye. Nimemwachia kurasa mbili.

Frantz Fanon ni jambo jingine. Alikuwa daktari wa akili, alifanya kazi hospitali ya Blida huko Algeria kuanzia mwaka 1953, na kitabu chake cha mwisho, cha mwaka 1961, tunacho kwa Kiswahili, Viumbe Waliolaaniwa. Sura yake ya wagonjwa wa vita inasema kwa mifano kile nilichokuwa nakitafuta: kwamba mahali penyewe panaweza kumfanya mtu augue, na kwamba daktari anayemtibu mmoja mmoja bila kuutazama ukoloni anafuta maji huku bomba liko wazi. Na Fanon alizaliwa Martinique mwaka 1925. Annette ni wa Martinique, Christophine ni wa Martinique. Nilipoliona hilo nilisimama nikazunguka chumba.

Kisha nikakaa. Fanon hakumwandikia binti wa mwenye watumwa. Nikimvalisha Antoinette nadharia ya waliotawaliwa bila kusema neno, nitakuwa nimerudia kosa ambalo shangazi alinikemea nalo, na safari hii nimelifunika kwa tanbihi. Antoinette ameumizwa na mfumo ambao nyumba yake ilijengwa nao. Yote mawili ni kweli na sioni sababu ya kuyapatanisha. Nimeandika hivyo hivyo, kavu.

28 Septemba

Nimekwenda Kiuyu kwa binamu yangu anayelima mwani. Sikwenda kwa ajili ya tasnifu, nilikwenda kula pweza, lakini maji yalikuwa yametoka na nikamfuata pwani.

Jina la kitabu limenisumbua tangu mwanzo. Sargasso ni bahari isiyo na ufukwe, sehemu ya Atlantiki iliyozungushiwa mikondo tu, na juu yake unaelea mwani wa rangi ya kahawia. Nikamweleza binamu. Yeye alikuwa kainama, maji magotini, anafunga vipande vya mwani kwenye kamba kwa taitai, vile vikamba vyembamba, kimoja kimoja, vigingi vimesimama mstari mpaka mbali.

"Umefungwa wapi?" akauliza.

"Nini?"

"Huo mwani wa huko. Umeshika jiwe? Umefungwa kamba?"

"Haujafungwa. Hauna hata mzizi wa kushika jiwe. Unazaliwa unaelea, unakufa unaelea."

Akainuka, akanyoosha mgongo. "Wangu ukikatika kamba, nauhesabu umepotea. Hata ukiwa mzima."

Nimerudi na mwani kidogo umekauka kwenye pindo la buibui. Kichwa cha riwaya sikifasiri, nitakiacha kama kilivyo, ila utangulizi wa tasnifu nitauanza na swali la binamu.

3 Oktoba

Karafuu zinaelekea kwisha, na sisi tuko sehemu ya tatu.

Ghorofani. Grace Poole anamlinda, analewa, analala, Antoinette anaiba funguo. Siku zimemchanganya, haamini kwamba hapo ni Uingereza. Richard Mason amekuja kumtazama na yeye kamrukia kwa kisu, kisha hakumbuki. Grace ndiye anayemweleza: ndugu yako alikuwa anasema hawezi kuingilia kati yako na mumeo kisheria, na ilikuwa kwenye neno hilo, "kisheria", ndipo ulipomrukia.

Brontë alituonyesha damu begani kwa Mason. Rhys ametutafutia neno lililoitoa. Nilisoma mara mbili, na mara ya pili wifi akasema, "Huyo hajachanganyikiwa. Amesikia vizuri sana."

Mama alitaka kujua kadhi wa kule alikuwa nani. Nikasema ndiye huyo huyo anayesema kisheria.

Halafu gauni jekundu. Antoinette anataka lirudishwe, ananusa kitambaa, na harufu za kwao zimo: mdalasini, vumbi, mindimu ikichanua, jua, mvua. Anaamini kama angelivaa gauni hilo siku ile, Richard angemtambua. Hapa nilitegemea watasema kitu kuhusu wazimu. Hawakusema. Binti wa jirani alileta kanga yake puani akainusa, halafu mama, halafu, Mungu ananiona, na shangazi. Miezi miwili nyumba hii inanuka karafuu mpaka chai. Shangazi akasema ana kanga ya dada yake marehemu, ipo sandukuni tangu azikwe, haijafuliwa. Mie ni mpwa wake na sikujua.

8 Oktoba

Sura ya pili mpya imekwenda kwa msimamizi asubuhi hii. Kurasa 27, nimepunguza. Jina lake sasa ni "Nani kamleta?" Swali lake la anaumwa nini nimelijibu katika aya moja, kwamba faili limeandikwa na mtu mwenye maslahi, na kwamba kumpa Antoinette jina la ugonjwa leo, toka mezani kwangu, ni kumbatiza mara ya pili. Kama hataki, na anirudishie.

Usiku tulimaliza. Ndotoni Antoinette anaona mbingu nyekundu, kasuku, sauti ya mwanamume inayomwita Bertha, na chini, kwenye kidimbwi cha Coulibri, Tia anamwita na kumcheka kwamba anaogopa. Anaita jina la Tia, anaruka, anaamka. Anachukua funguo na mshumaa, anatembea kwenye ujia wenye giza huku ameukinga moto kwa mkono. Rhys anaishia hapo.

"Amekufa," akasema mama.

"Kitabu cha yule mwengine ndicho kinachosema amekufa," nikajibu. "Hiki hakisemi."

"Kasema jina la nani vile mwisho?" akauliza shangazi.

"La Tia."

"Ahaa."

Wakabishana mpaka saa tano, kama Tia alikuwa anamwita kweli au anamcheza shere tena kama zile senti tatu. Binti wa jirani anasema alimwita kwa mapenzi. Shangazi hasemi alimwita kwa nini, anasema tu mtoto yule alikuwa na haki ya kucheka. Tumelikung'uta jamvi, tukalikunja. Makonyo ni gunia moja na nusu, yanakwenda kuuzwa Jumatatu.

Nakala yangu ya riwaya imepata doa la mafuta ya karafuu kwenye kurasa za mwisho, limepenya karatasi tatu, na maktaba niliyoiazima wanaitaka kabla ya tarehe 15.